Nukta Juu ya Msumeno

Hebu fikiria karakana ya mbao, mchana kweupe, vumbi likielea dirishani. Msumeno mpya wa umeme haujakata hata ubao mmoja, lakini unanuka damu.

"Dada, msumeno wako umekula nini?" Kipara alitania. Ndiye mdogo wake pekee, na ndiye seremala wa pale.

Dada alicheka. Programu ya kuuamrisha aliiandika yeye: ukiandika neno, inaligeuza kuwa herufi kubwa, kisha inalitafuta kati ya amri inazozijua. Nyumbani, kwenye kompyuta yake, kila amri ilitiiwa. Kompyuta hii ya karakana ilikuwa ya mtumba, na bado ilishika lugha ya wageni waliokuwa nayo kwanza.

Kipara akaandika "washa". Msumeno ukazunguka. Akaandika "kata". Ukakata, ukilia kama mbuzi machinjioni. Akaandika "zima".

Haukuzima.

"Dada! Unanivuta!"

Meno yalikuwa yamenasa mkono wa shati. Vidole viwili vikaruka vikagonga ukuta. Dada akaivamia swichi kuu, ikamtupa chini kwa cheche, na kutoka ndani ya kioo cha kompyuta sauti nzito ikanong'ona, "Siku zote nilitafuta mlango. Umenifungulia wewe."

Kiooni paliandikwa: AMRI HAIJULIKANI: ZİMA. Juu ya ile herufi ya pili ilikaa nukta nyekundu, ikichuruzika.

Ndipo akaelewa. Katika lugha ile, i ndogo ikikua hubaki na nukta yake kichwani, na programu haikuijua herufi hiyo. "Washa" na "kata" hazina i. Jini lile lililonong'ona kiooni lilipewa ruhusa ya kuanza na ya kukata. Ya kuacha halikuisikia.

Vidole vikimteleza kwenye kibodi kwa damu ya mdogo wake, huku meno yakipanda kiganja, kifundo, kigasha, na mayowe ya Kipara yakigeuka kuwa mkoromo, akaongeza agizo moja, kwamba herufi zikuzwe kwa kanuni ileile popote bila kuiuliza mashine lugha yake, akaiwasha programu upya, akaandika "zima".

ZIMA. Bila nukta.

Jini likapiga ukelele, vioo vya madirisha vikapasuka. Msumeno ukasimama kwenye kiwiko.

Kipara alipona, na mkono mmoja. "Usilie, Dada. Wa kukuzaba kofi upo."

Dada aliporudi kufuta kioo cha kompyuta, damu yote ilitoka, isipokuwa nukta moja. Ilikuwa kwa ndani. Akaisogelea, nayo ikapepesa kama jicho.

Nawe mwanangu, nakuomba ukumbuke jambo hili tu: neno la kusimamisha lijaribu kwanza, tena palepale litakapofanyia kazi.