Blanketi Lenye Kiraka cha Njano

Nilikuwa naanua nepi kambani, jua limeshazama, aliponijia jirani yangu, fundi cherehani. Alikuwa amevaa gauni jipya na viatu vya kisigino. Alishika tiketi mbili, anajipepea nazo.

"Shoga, leo unatoka."

"Niende wapi na mtoto?"

"Mtoto ana shangazi yake. Wewe kila siku nepi, nepi, utaota ukungu humo ndani!"

Tiketi alipewa bure, maana yeye ndiye aliyeshona mavazi ya ule mchezo wa nyimbo uliokuwa ukionyeshwa ukumbini. Mimi si mtu wa kutoka. Mbele za watu hata kupiga hodi sauti hunikauka. Huwa naimba nyumbani tu, mume wangu akiwa lindoni, tena kwa chini, wimbo nilioutunga mwenyewe wa kumlaza mwanangu. Tunamwita Kifungo, kwa sababu ya pua yake ndogo ya mviringo.

Fundi aliinama, akamnusa Kifungo shingoni. Hakumbusu. Alimnusa tu, kwa muda mrefu.

"Huwa nakusikia ukimwimbia," akasema. Vyumba vyetu vimetenganishwa na ukuta wa mbao. "Una sauti tamu wewe. Ungenigawia kidogo."

"Chukua tu," nikajibu huku nacheka. Nani angejibu vingine?

Yeye hakucheka.

Nikamuuliza habari za blanketi la Kifungo. Alikuwa amelichukua juzi ili alishone pindo, akanisisitizia nisilifue, atalifua mwenyewe.

"Bado kidogo. Kesho asubuhi utalipata."

Basi nikamwacha Kifungo na wifi yangu.

"Nenda, wifi," akaniambia. "Ila ukirudi na visigino kama vya huyo, namwambia kaka."

Ukumbi ulijaa. Ulinuka poda, jasho, na pazia la siku nyingi. Kabla pazia halijafunguliwa, mpiga ngoma alisimama mbele kutufundisha kuitikia.

"Mwimbaji akiuliza, 'Nani atanipa?' ninyi mnajibu, 'Chukua!' Tumeelewana?"

Watu wakajaribu. "Chukua!"

Neno lilelile. Nikamtazama fundi. Alikuwa anatazama mbele, amebana midomo kama mtu aliyeshika pini kwa meno.

Mchezo ulimhusu mwanamke asiye na mtoto, anayezunguka mlango kwa mlango akiomba vitu. Aliomba beseni. "Chukua!" Akaomba kitanda kidogo. "Chukua!" Alivyokuwa akikiburuta kitanda kile, ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Hata mimi nilicheka. Ila kuitikia sikuitikia. Nilichezesha midomo tu.

"Itikia basi," fundi akaninong'oneza.

"Naona haya."

"Leo utaitikia."

Taa zikafifia, zikawa za bluu. Mwanamke yule akatoka tena, safari hii amebeba mwanasesere. Alikuwa amemfunika blanketi... na kwenye pembe ya blanketi kulikuwa na kiraka cha njano.

Kiraka kile nilikikata mwenyewe kwenye sketi yangu kuukuu. Nilikishona kwa uzi wa kijani kwa kuwa sikuwa na wa njano. Kutoka nilipokaa, niliuona uzi wa kijani.

"Lile ni blanketi la Kifungo."

"Mablanketi yanafanana."

"Kiraka nilishona mimi!"

"Nyamaza, shoga. Watu wanasikiliza."

Mwimbaji akaanza kuimba.

Aliimba wimbo wangu.

Haukuwa wimbo unaofanana na wangu. Ulikuwa wangu, na ile pua ya mviringo imo. Hata pale ninapoishiwa maneno nikaguna tu, naye aliguna.

Ngoma ikanyamaza. Akasogea hadi ukingoni mwa jukwaa, macho ameyaelekeza kwenye mstari wetu.

"Nani atanipa?"

Ukumbi mzima ule, hakuna aliyeitikia. Vichwa vya waliokaa mbele yetu vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine... wakanitazama mimi.

Nikauma meno. Nikajiziba mdomo kwa kiganja.

"Chukua."

Sauti ilikuwa yangu.

Ilitoka kwenye kiti cha fundi.

Pale jukwaani, mguu mdogo ukachomoza chini ya blanketi. Vidole vyake vikajikunja.

Sijui nilipitaje kwenye magoti ya watu. Nilikimbia hadi nyumbani, ndala mkononi. Wifi alinifungulia mlango akipiga miayo.

"Kifungo yuko wapi?"

"Si amelala? Umemlaza mwenyewe."

"Mimi?"

"Wewe, wifi. Alikuwa analia, nikakusikia unamwimbia kutoka huko kwa fundi. Nikasema, kumbe wamesharudi. Akanyamaza palepale."

Kifungo alikuwa kitandani, mzima, anapumua. Nikamnyanyua. Miguu yake ilinuka poda, na mimi sijawahi kumpaka poda. Akafumbua macho, nikafungua mdomo nimwimbie.

Ilitoka sauti ya kukwaruza, kama bati linaloburutwa. Mwanangu alinitazama anavyotazama wageni. Kisha akaangua kilio.

Asubuhi fundi alileta blanketi. Limefuliwa, limekunjwa vizuri.

"Umenikimbia, hata mchezo haujaisha!"

"Nani alijibu jana?" Nilikwaruza hata mimi mwenyewe nikajionea huruma.

"Si wewe? Watu walikupigia makofi mpaka basi! Nikasema, kumbe huyu mwenye haya zake ana ujasiri hivi." Akanipapasa bega. "Hayo ni mafua. Kunywa maji ya moto."

"Na wimbo wangu?"

"Ukuta wa mbao, shoga. Niliupenda, nikawafundisha. Ni kosa? Na blanketi waliliona kwangu, wakaliazima."

Labda. Ukuta ni wa mbao kweli. Labda hofu ilinifanya nijibu, nikasahau. Mume wangu naye anasema ni mafua, ila amekubali tutafute chumba kingine. Hatujapata. Sauti yangu nayo haijarudi, na Kifungo siku hizi hulala ameuelekea ukuta. Nikimgeuza, anajigeuza tena.

Jana jioni, mume wangu alipokwenda lindoni, nilimwona fundi kwa macho yangu akifunga kufuli na kwenda zake, visigino vinalia barabarani mpaka vikapotea. Nilichungulia kwenye upenyo kati ya mbao. Kwake kulikuwa giza. Kwa mwanga wa taa yetu niliona cherehani tu, imefunikwa kitambaa.

Kifungo akaamka, akalia. Nikambeba, nikamtikisa, nikamkwaruzia wimbo wake. Akazidi.

Upande wa pili wa ukuta, kwa chini kabisa, mtu akaanza kuimba.

Kifungo akanyamaza. Akatabasamu, akanyoosha mikono kwenye mbao.

Nilisikiliza sauti yangu ikiimba toka mwanzo, bila kukosea, hadi pale ninapoishiwa maneno. Pale haikuguna. Ilinyamaza kidogo... kisha ikauliza, taratibu, karibu kabisa na ukuta:

"Nani atanipa?"

Mwanangu bado hajaanza kusema. Hata "mama" hajawahi. Lakini alivuta pumzi, akafungua mdomo.

Nikauwahi, nikauziba kwa kiganja. Na kiganjani nikahisi midomo yake midogo ikilitafuta neno.