Mchele wa Mama Mapacha

Kila alasiri Siafu alirudi kutoka shule kwa njia ya nyuma, ile inayofuata mtaro wa maji machafu. Njia ya mbele ilikuwa fupi na safi, lakini ilipita mlangoni pa duka, na mwenye duka hakujua kunong'ona. "Mama hajambo? Mwambie mwisho wa mwezi huo unabisha hodi!" Jina la Siafu alipewa na baba yake kwa sababu hakuweza kutulia, na siku hizi hata moyo wake haukutulia.

Deni lilianza baba alipoanguka kazini akavunjika mguu. Wakawa wanakula kwa mkopo: leo kipakiti cha sukari, kesho kikombe cha mchele. Deni likapanda, mpaka mama, ambaye alikuwa fundi wa kushona, akakubaliana na mwenye duka kwamba asipolipa mwisho wa mwezi, cherehani yake itachukuliwa. Bila cherehani wangekula nini?

Mama akajifunga kibwebwe. Sukari ikawa ya Jumapili tu. Maharagwe yalilowekwa mapema ili yaive kwa mkaa kidogo. Na badala ya kupimiwa vikombe dukani, alichanga pesa na majirani wawili, fundi baiskeli na Mama Mapacha, wakanunua gunia la mchele kwa bei ya jumla. Kwa kuwa watu wazima walikuwa kazini, Siafu ndiye aliyeachiwa kopo la kugawia. Kila mmoja alimwamini.

Hapo ndipo shetani alipompitia. Kopo la kwao alilijaza mpaka mchele ukafanya kichuguu juu. Makopo ya majirani aliyapangusa kwa rula. "Wao hawadaiwi," alijiambia.

Jioni mama aliitazama ndoo yao akatabasamu. "Mchele wetu safari hii una baraka!" Siafu akainama kama anayefunga kamba za viatu, ingawa alikuwa peku.

Mwezi ulipokaribia kwisha, sauti ya Mama Mapacha ilipenya ukutani. "Mchele umeishaje mapema hivi? Ni nyinyi mnaoutafuna mbichi!"

"Haki ya Mungu, mama, si sisi!" mapacha walilia kwa pamoja.

Muda si mrefu Mama Mapacha akaingia, uso umemshuka. "Dada, mwezi ujao mnitoe. Bora nirudi kwenye vikombe vya dukani. Kwangu nafuga wezi."

"Usituache, dada yangu," mama alisema. "Bila wewe gunia hatuliwezi."

Siafu alipiga hesabu. Akisema, mchele utarudishwa, na huenda mama akalazimika kugusa pesa za deni. Asiposema, mapacha watabaki wezi. Kilio chao bado kilisikika ukutani. Akashindwa kuvumilia.

"Mapacha hawajala," alisema. "Ni mimi. Makopo yetu niliyajaza, yenu nikayapangusa. Niliogopa cherehani itachukuliwa."

Mama hakumpiga wala hakumfokea, na hilo lilimuuma zaidi. Alipima mchele uliobaki kwenye ndoo. "Peleka kwa Mama Mapacha. Na huu wa fundi baiskeli."

Siafu aliwaomba mapacha radhi mbele ya mama yao. Fundi baiskeli alishika kichwa. "Kumbe! Na mimi nimemfukuza paka wa watu bure, nikidhani ndiye mwizi!"

Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu. Ndoo ilikauka, lakini mama hakugusa pesa za deni. Walikula viazi vidogo ambavyo mwuza mboga huvitoa kwa bei ya kutupa jioni. Baba, akiwa na mkongojo wake, alipata kibarua cha kufanya akiwa ameketi, kunyoosha misumari iliyopinda. Mama alishona mpaka macho yakawa mekundu.

Siku ya mwisho ya mwezi Siafu na mama walipita njia ya mbele. Mwenye duka alihesabu noti, akalowesha kidole, akahesabu tena.

"Zimetimia," alisema hatimaye. "Cherehani ni yako."

Mama aliketi hapo hapo kwenye kreti la soda akalia.

Gunia jipya lilipoletwa, mama alimpa Siafu kopo mbele ya majirani wote. Siafu akaficha mikono mgongoni. "Mama, agawe mwingine."

"Utagawa wewe. Ila kuanzia leo, anayegawa anachukua fungu la mwisho." Kisha mama akamshika bega. "Kubana matumizi ni kujinyima wewe mwenyewe, mwanangu. Ukimnyima mwenzako, huo ni wizi. Deni la dukani tumelilipa kwa pesa. Hili lako utalilipa polepole, kwa kuwa mkweli kila siku."

Siafu aligawa, jasho likimtoka. Mafungu matatu yakakaa mkekani. Mama Mapacha aliambiwa achague kwanza. Hakuyakagua. Alibeba lililokuwa karibu naye, akaenda kupika.