Biskuti za Meneja

Fundi viatu alifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlango ulitazama barabara. Ndani kulikuwa na meza ya chini, viti viwili vya wateja, na harufu ya gundi isiyoisha. Kwenye rafu ya viatu vilivyokamilika alilala paka mkubwa wa kijivu. Aliitwa Meneja. Wateja ndio waliompa jina hilo. Hakufanya kazi yoyote, lakini alimkodolea Fundi macho kutwa nzima.

"Meneja, kiatu changu tayari?" wateja waliuliza.

Meneja alifumba macho.

"Anasema rudi kesho," Fundi alijibu, na watu wakacheka.

Kisha Meneja akabadilika. Alikunywa bakuli zima la maji asubuhi, na jingine jioni. Mchanga wa sanduku lake la choo ulilowa kila mara. Alikula sana, lakini alikonda mpaka uti wa mgongo ukaonekana. Siku aliposhindwa kuruka kwenye rafu, mke wa Fundi alisema, "Huyu anaumwa. Twende kwa daktari wa wanyama."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiyependa kuharakisha maneno. Alimtoboa Meneja sikioni kidogo tu. Alichukua tone la damu, akaliweka kwenye kipimo.

"Ishirini na mbili," alisema. "Paka mzima huwa kwenye nne mpaka saba hivi. Meneja ana kisukari."

"Paka?" Fundi alishangaa. "Kisukari si cha watu?"

"Hata paka hupata. Sukari imejaa kwenye damu, lakini mwili hauwezi kuitumia. Ndiyo maana anakula na bado anakonda. Atachomwa insulini mara mbili kwa siku, kila baada ya saa kumi na mbili. Na chakula kibadilike. Apate nyama kwa wingi, wanga kidogo sana. Mkate, wali, biskuti, maziwa ya sukari, vyote basi."

Mke wa Fundi alikuwa dobi katika nyumba ya wageni. Aliondoka mapema, hivyo sindano ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Dawa ilikaa kwenye friji, mbali na sehemu ya barafu. Hakukitikisa kichupa. Alikiviringisha polepole kati ya viganja. Alivuta yuniti mbili, yaani vistari viwili vya bomba la sindano, akahakikisha hakuna povu. Meneja alikula kwanza. Kisha mama huyo akainua ngozi ya karibu na mabega na kuchoma. Sindano iliyotumika aliitia kwenye chupa ngumu yenye kifuniko.

"Umekuwa nesi kabisa," Fundi alimtania.

"Nesi gani, mikono inatetemeka hivi!"

Meneja alianza kumfuata mama kila mahali. Mama ndiye aliyekuwa na chakula, mama ndiye aliyembembeleza. Fundi alibaki na viatu vyake. Moyoni alichukia kidogo.

Saa nne asubuhi Fundi alikunywa chai ya maziwa yenye sukari, na biskuti. Zamani Meneja alipata kipande. Siku moja paka alikuja, akakaa miguuni pake, akamtazama.

"Haya, kimoja tu," Fundi alinong'ona. "Usiseme."

Alichovya biskuti kwenye chai na kumpa. Meneja alikula, akampanda mapajani, akakoroma. Kesho yake alikuja tena. Kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Fundi alipangusa makombo kabla mke wake hajarudi.

Baada ya wiki mbili walirudi kwa daktari. Kipimo kilisema ishirini na moja.

"Bado iko juu sana," daktari alisema. "Kuna mtu anampa kitu kingine?"

"Hapana," mama alijibu. "Nyumbani tuko wawili tu."

Daktari alimtazama Fundi. Fundi alitazama viatu vya daktari. Soli ya kulia ilikuwa imeanza kuachia.

"Hapana," alisema.

Daktari akapandisha dawa kutoka yuniti mbili hadi tatu. Wiki mbili baadaye hali ilikuwa ile ile. Swali likaulizwa tena. Jibu likawa lile lile. Dawa ikafika nne.

"Labda ni mimi," mama alisema njiani. "Labda nachoma vibaya, dawa inamwagika kwenye manyoya."

Fundi alikohoa. Akatangulia mbele.

Jioni ile alimkuta mke wake jikoni, ameketi na chungwa na sindano yenye maji. Alikuwa anachoma chungwa, anachomoa, anachoma tena. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa sabuni ya kutwa nzima.

"Unafanya nini, mke wangu?"

"Najifunza. Nataka mkono utulie. Nisije nikamuua Meneja wa watu."

Aibu ilimshika Fundi. Alitaka kusema. Maneno yalifika mdomoni, akayameza. Akajiambia, "Kesho naacha. Nikiacha, sukari itashuka, naye atajua mikono yake ni mizuri. Hakuna haja ya kujua mengine."

Basi akaacha. Siku ya kwanza Meneja alilia miguuni pake, asipate kitu. Siku ya pili vivyo hivyo.

Siku ya tatu, saa nne, Meneja alitoka chini ya meza akiyumba. Miguu ya nyuma ilikuwa kama kitambaa. Alianguka ubavu. Mate yalimtoka, na macho yalitazama bila kuona.

"Meneja! Meneja, baba!" Fundi alipiga magoti.

Wakati huo huo jirani aliingia kuchukua ndala zake. Mtaa mzima ulimwita Shangazi. Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari miaka mingi, na alijichoma insulini kila siku.

"Amechomwa leo?" aliuliza.

"Ndiyo, asubuhi."

"Sukari imemshuka. Mimi huniangusha hivi hivi. Lete asali!"

"Lakini Shangazi, ugonjwa wake ni sukari kupanda!"

"Dawa ikizidi, inashuka. Na ikishuka inaua upesi. Lete, usinitolee macho!"

Asali hawakuwa nayo. Fundi alikoroga sukari nyingi kwa maji kidogo. Kwa haraka akamwaga nusu.

"Usimmiminie mdomoni, atapaliwa," Shangazi alisema. "Tia kidole, mpake kwenye ufizi. Taratibu. Tena. Sasa twende kwa daktari. Hata akiamka, twende."

Fundi alimfunga Meneja kwenye aproni yake ya kazi na kukimbia. Shangazi alibaki akimpigia mama simu.

Mama alifika kwa daktari mikono ya gauni ikiwa imelowa bado. Meneja alikuwa mezani, ameanza kuinua kichwa.

"Kipimo kilikuwa mbili na nusu," daktari alisema. "Mngechelewa kidogo tungempoteza. Ila sielewi. Dawa niliongeza yuniti moja tu, chakula ni kile kile. Nini kimebadilika nyumbani?"

"Ni mimi!" mama alilia. "Nimemzidishia. Macho yangu hayaoni vizuri vile vistari. Daktari, nusura nimuue kwa mikono yangu."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Lakini ardhi haikupasuka. Mke wake alikuwa analia, na hakuna mwingine aliyejua ukweli.

"Si yeye," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Mikono yake haina kosa. Nilikuwa nampa biskuti na chai. Kila siku, tangu mwanzo. Uliniuliza mara mbili, nikakudanganya mara mbili. Juzi nikaacha. Sikumwambia mtu."

 Daktari alivuta kiti, akakaa.

"Sasa naelewa," alisema. "Biskuti zilipandisha sukari, mimi nikapandisha dawa ili kupambana nazo. Ulipoziacha ghafla, dawa ikabaki na nguvu zote, haina cha kupambana nacho. Kuacha ni vizuri, baba. Kuacha kimyakimya ndiko kulikomwangusha. Chakula kikibadilika, ni lazima nijue, ili nibadilishe dawa."

Fundi aliinamisha kichwa. Alisubiri mke wake apige kelele. Hakupiga.

"Nilikuwa nachoma machungwa," mama alisema polepole. "Na wewe umesimama mlangoni unaniangalia."

Afadhali angempiga kofi.

Meneja alilazwa kwa daktari siku mbili. Nyumbani mama alipika, akapakua, akala bila neno. Siku hizo alizungumza naye mambo ya lazima tu. "Chumvi iko wapi." "Mteja anagonga." Fundi hakujitetea. 

Siku ya kumchukua Meneja, Fundi ndiye aliyezungumza kwanza.

"Daktari, nifundishe na mimi. Kuchoma, kupima, kila kitu."

Daktari alimfundisha. Dawa ilirudi yuniti moja, ili waanze upya kwa usalama. Akampa kipimo na daftari.

"Kila siku andika saa, dawa, alichokula, na kipimo cha sikioni. Asipokula, au akila chini ya nusu, msichome. Nipigieni. Kama hamna uhakika kama mmeshachoma, msirudie. Sindano moja kupita ni afadhali kuliko mbili kwa pamoja. Na kila kinachoingia mdomoni mwake kiandikwe. Hata kidogo. Hata kikikuaibisha."

Alikazia lile la mwisho, na Fundi alisikia masikio yakimwaka moto.

Shangazi naye alipita kuwajulia hali.

"Msije mkaazima mabomba yangu ya sindano," aliwaonya. "Vistari vyake vimepangwa kwa dawa yangu. Meneja atumie yake, aliyoandikiwa. Na asali iwepo ndani, jamani!"

Fundi alinunua asali. Alibandika karatasi ukutani: MENEJA ANA KISUKARI. USIMPE CHAKULA. Wateja walipouliza ilikuwaje, aliwaambia yote, pamoja na biskuti zake. Wengine walicheka. Mmoja alisema, "Yaani umemdanganya daktari kwa ajili ya paka?" Fundi alijibu, "Nilimdanganya mke wangu," kisha akarudi kwenye kiatu chake. Uso ulimwaka kila mara aliposimulia, lakini alisimulia.

Baada ya miezi miwili kipimo kilikuwa kati ya nane na kumi na mbili. Kwa paka mwenye kisukari hiyo ilitosha, na daktari alifurahi sana. Meneja alinenepa kidogo, akaacha kumaliza maji, akaruka tena kwenye rafu. Mama alianza kutania tena, ingawa si sana kama zamani. Na kila jioni alifungua daftari, akasoma kila mstari.

Siku moja mteja mmoja alimtupia Meneja kipande cha mkate. Karatasi ya ukutani hakuiona. Fundi alikuwa ameshika nyundo, misumari ikiwa mdomoni. Alipoitema, mkate ulikuwa umeshamezwa. Mteja akaondoka. Chumbani akabaki Fundi peke yake na Meneja. Hakuna mwingine aliyeona.

Fundi aliweka nyundo chini. Kisha alimpigia daktari.

"Msibadilishe dawa," daktari alisema. "Mpime jioni, uniambie."

Akaandika kwenye daftari: "Saa tano. Mteja amempa mkate, kipande kama kidole gumba. Nilichelewa kumzuia. Kosa langu."

Jioni walimpima. Kumi na tatu. Si mbaya. Mama alifungua daftari na kusoma, kidole chini ya kila neno. Alipofika mwisho aliurudia mstari wa saa tano. Fundi alisubiri.

Mama alichukua kalamu. Akayakata kwa mstari mmoja maneno mawili: "Kosa langu."

"Hili halikuwa lako," alisema.

Akatoa dawa kwenye friji, akaiweka mkononi mwa mumewe.

"Leo mchome wewe. Mimi nimechoka, nakwenda kuoga."

Akatoka, asigeuke kutazama kama anachoma sawasawa.