Korongo la Nakijwa

Katika zama za Zumbe Senkondo, mtawala wa Ukireni, wakati watu wake walipokuwa bado wakipigana kwa mikuki, pinde na ngao za ngozi ya nyati, vita havikuanza kwa ngoma. Vilianza kwa udongo. Zumbe alipokusudia kwenda vitani, alimwita mfinyanzi barazani kwake ili aifinyange nchi ya adui juu ya jukwaa lililokuwa katikati ya nyumba: milima, mito, mabonde na njia zake. Wapiganaji walikaa kuizunguka nchi ile ndogo wakaizoea, hata siku ya safari ilipofika walikwenda kama watu wanaorudi mahali walipokwisha kulala.

Ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, na kwa miaka mingi aliyeifinyanga nchi alikuwa Nakijwa. Alikuwa mjane mrefu, mkavu wa mwili, mwenye vidole vipana, na alivaa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa samli na bangili ya shaba aliyopewa na babake Zumbe. Alipopita, watu walimpisha njia. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na milima.

Kisha akaja Mbonea.

Mbonea alizaliwa karibu na Mlima Kirore, akaolewa Ukireni na Mkwizu, mkuu wa wapiga mishale. Alipofika hakujua hata kuponda udongo, na Nakijwa ndiye aliyemfundisha. Lakini mwanafunzi yule alianza kuongeza mambo ambayo hakufundishwa. Alipofinyanga msitu, aliweka mbega juu ya miti. Penye mapango aliweka nyuki, na penye chemchemi aliweka mkuyu wenye mizizi iliyokumbatia jiwe, mdogo kama ukucha lakini ukiutazama unaujua kuwa ni mkuyu. Mlima wa Nakijwa ulikuwa mlima. Mlima wa Mbonea ulikuwa na wenyewe.

Siku moja Nakijwa alikuwa akichota maji mtoni, akawasikia wanawake nyuma ya matete.

"Mimi siku hizi nikiiona milima ya yule bibi naihurumia," alisema mmoja. "Ina upara."

Wakacheka. Nakijwa alijaza mtungi wake na kuondoka kimya. Tangu siku ile kicheko kile hakikumtoka masikioni.

Mwaka ule Mashombo, bwana wa Mlima Kirore, aliifunga njia ya chumvi na majembe, akawakamata watu wa Ukireni waliokuwa wakirudi gulioni na kuwapandisha mlimani kwake kama mateka. Njia iliyojulikana ya kwenda juu ilikuwa moja tu, nyembamba, na watu wa Mashombo waliilinda kwa mawe makubwa ya kuwaporomoshea wapandao. Wanaume wa Ukireni hawakuwa wamekanyaga Kirore kwa miaka mingi. Zumbe Senkondo akaagiza mlima ufinyangwe. Safari hii hakumwita Nakijwa. Alimwita Mbonea. Nakijwa alipewa kazi ya majani.

Kazi ya majani ilikuwa hivi: udongo ulipomaliza kufinyangwa ulifunikwa kwa majani mabichi ya mgomba, na majani yale yakaloweshwa tena na tena ili udongo ukauke taratibu, kwa kuwa moto wa baraza haukuzimwa kamwe. Ilikuwa kazi ya wasichana wanaojifunza.

"Mama, hebu tazama huku nyuma," alisema Mbonea siku ya mwisho ya kazi, magoti yake yakiwa yameganda tope. "Ukuta huu nimeulainisha vya kutosha? Wewe ulipita pale ukiwa msichana."

"Nimesahau," alijibu Nakijwa.

Hakuwa amesahau. Nyuma ya Kirore mwamba ulikuwa umesimama wima, laini kama ndani ya chungu. Hata mjusi angeshindwa.

"Na hawa panya uliowaweka huku kulia, juu ya maporomoko ya maji?"

"Ni pimbi, mama."

"Nao wanakwenda vitani?"

Mbonea alicheka. "Watatangulia wao. Pimbi hakai kwenye mwamba usio na ufa wa kujipenyeza. Anapokaa yeye, na mtu atapata pa kushika. Kila njia niliyoijua nimeiwekea mnyama wake, ili hata nisipokuwepo waulizwe wanyama."

Nakijwa alijua kuwa lile ni jambo zuri, na kwamba yeye hakuwahi kuliwaza katika maisha yake yote. Hilo ndilo lililomchoma.

Ilikuwa desturi kwamba mfinyanzi akimaliza, mlima unyunyiziwe majivu ya baraka, na baada ya hapo mkono wa mtu usiuguse tena mpaka vita viishe. Mfinyanzi mwenyewe alihamia nyumba ya ukimya ng'ambo ya mto, na mtu hakuruhusiwa kumwona wala kusema naye, wapelelezi wa adui wasije wakapata neno kutoka kwake. Mbonea alichukua mkeka wake, akasimama mlangoni.

"Majani nakuachia wewe, mama. Sina wasiwasi."

Laiti angemtukana. Nakijwa alitoka uani kuomba, kama alivyofanya kila asubuhi, akiuelekea upande jua linakotokea. Alimwombea Zumbe. Aliombea mikuki na miguu ya wapiganaji, na mateka walioko mlimani. Alipofika kwenye mikono iliyoufinyanga mlima, ulimi ukakwama. Akajaribu tena, ukakwama pale pale. Basi akaliruka jina la Mbonea, akamaliza sala yake ikiwa na tundu katikati.

Kisha akarudi barazani, akaketi karibu na mtungi wa maji, mikono mapajani. Majani ya mgomba yalianza kujikunja kando. Yakageuka rangi. Hakuyagusa. Hakufanya kitu chochote, na hilo ndilo alilojiambia: sikufanya kitu. Alitaka ufa mdogo tu. Alitaka wanaume waingie, waone udongo umepasuka, na mmoja wao aseme kwamba enzi za Nakijwa mlima haukupasuka.

Aliposikia hatua zao alifunua majani haraka. Ufa ulikuwapo, lakini haukuwa mdogo. Ulianza chini kabisa, ukaupanda ukuta wa nyuma ya Kirore, ukaenda ukipinda pinda hadi karibu na kilele, kama kitu kilichochorwa kwa makusudi.

Mndeme, jemedari wa Zumbe, alizunguka jukwaa akasimama mbele ya ufa ule. Alikuwa mtu mzito, mwenye manyoya ya tai kichwani. Aliinama, akatazama muda mrefu.

"Korongo," alisema polepole. "Nyuma kabisa, mahali wasipoweka mlinzi. Mbonea ameona korongo."

Watu wakasogea. Mkwizu, mume wa Mbonea, alitabasamu kwa fahari asiyoweza kuificha.

"Huyu ni mfinyanzi," alisema Mndeme. "Miaka yote ile Nakijwa hakuwahi kutuonyesha kitu kama hiki."

Nakijwa alikuwa amekwisha kufungua kinywa aseme. Neno lile likamfikia, akakifunga. Aliyemtakia aibu amepata sifa, tena kwa ufa alioulea yeye mwenyewe. Akabaki ameshika majani makavu, akimsikia Mndeme akimpa Mkwizu kazi ya kutangulia na kamba za ngozi wakati wa ukungu, wapiganaji wengine wamfuate. Walikaa wakiuzoea mlima hadi jioni, kisha wakatoka. Ngoma zikalia, na jeshi likashuka bondeni.

Asubuhi iliyofuata Nakijwa alisimama uani kuomba. Alimtaja Zumbe, akataja mikuki, akafika kwenye lile tundu. Safari hii tundu halikuwa tupu. Aliwaona ndani yake Mkwizu na vijana wa watu, wamejibana kwenye ukuta laini, wakipapasa mahali pasipo pa kushika, ukungu ukiondoka na mawe yakianza kushuka. Akalitaja jina la Mbonea kwa sauti, akalitaja tena, akamwomba Mungu amlinde yeye na nyumba yake. Alipokwisha kulitamka hakuweza kukaa. Alijifunga ngozi yake kiunoni akashika njia, mama mzima, akikimbia.

Alikwenda mchana kutwa na usiku akipita njia za mkato za wachimba udongo. Alfajiri, miguu ikivuja damu, aliwakuta kando ya mto chini ya Kirore. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mlima wenyewe haukuonekana. Mkwizu alikuwa akijizungushia kamba.

"Mama amekuja kutupikia," alisema mpiga mishale mmoja. Wenzake wakacheka chini chini.

"Msiende nyuma," alisema Nakijwa akihema. "Hakuna korongo. Ule ni ufa wa udongo uliokauka."

Mndeme alimtazama. "Dada, rudi nyumbani."

"Nakuambia ni ufa."

"Nami nakuambia wivu wako tunaujua. Unajulikana hata na wachota maji. Mlima umeuona mzuri kuliko wako, umekimbia njia yote hii kuuharibu. Huoni haya?"

"Naona haya," alisema Nakijwa. "Ndiyo maana nimekuja."

Alipiga magoti ukingoni mwa mto, akachota tope, akalipaka kwenye mawe mawili ya bapa. Moja akalifunika kwa jani bichi alilolichovya majini, jingine akaliacha wazi. Akaomba chungu cha moto walichokibeba, akayaweka mawe yote mawili kando ya makaa. Wapiganaji walikusanyika. Ukungu ulikuwa umeanza kupungua kidogo juu ya miti, na Mndeme alikuwa akitazama juu kwa wasiwasi. Kisha tope la jiwe lililoachwa wazi likapauka, likatoa mlio mwembamba, na mstari ukapita ndani yake ukipinda pinda kutoka chini hadi juu. Nakijwa alifunua jani. Tope la pili lilikuwa zima.

"Kazi ya majani ilikuwa yangu," alisema. "Sikuyalowesha. Nilitaka apate aibu."

Hakuna aliyecheka sasa. Mkwizu aliiacha kamba ikaanguka.

"Ulitaka nife, mama?"

"Sikukufikiria kabisa, mwanangu. Nilikuwa nikijifikiria mimi." Akageuka kwa Mndeme. Neno lililobaki lilikuwa gumu kuliko njia yote aliyoikimbia. "Mbonea hakukosea. Yule ni fundi kunishinda mimi, na alikuwa fundi kunishinda kabla sijakubali. Kila njia ameiwekea mnyama wake. Kumbukeni, mwanzoni mwa ufa ule mliona mnyama gani?"

Walitazamana. Walikuwa wameutazama mlima ule mpaka wakaujua kama viganja vyao.

"Hakuna," alisema Mkwizu. "Nyuma hakuna kitu. Pimbi wako kulia, juu ya maporomoko."

"Basi wafuateni."

Mndeme akainua ngao yake. "Tutawafuata pimbi. Wewe utakwenda nyuma yangu, Nakijwa. Vita vikiisha, utasimama mbele ya Zumbe."

Walipanda huku kelele za maporomoko zikiwaficha. Mwamba ulikuwa na nyufa halisi, zimepakwa weupe wa mikojo ya pimbi, na kila alama nyeupe ilikuwa mahali pa kuweka mkono. Wanyama wale walipiga mayowe yao na kujificha. Ukungu ulipoondoka, watu wa Mashombo walikuwa bado wameinamia njia yao nyembamba, mawe tayari mikononi, migongo wazi. Mishale ya Mkwizu iliwafikia kabla hawajageuka. Mapigano yalikuwa makali lakini mafupi. Mashombo alikimbilia nyikani, asirudi tena, na mateka walifunguliwa kamba wakashuka wakishikana mikono. Kutoka kileleni Nakijwa aliuchungulia ukuta wa nyuma. Ulikuwa laini kama alivyoukumbuka, na chini yake mbali sana kulikuwa na mawe.

Zumbe Senkondo alimsikiliza kila mmoja. Hukumu yake ilikuwa hii: Nakijwa asifinyange tena nchi maisha yake yote, bali awe mlowesha majani wa baraza mpaka mwisho wa siku zake. Nakijwa alivua bangili ya shaba akaiweka chini.

Mbonea alikuwa ametolewa nyumba ya ukimya na kuelezwa yote. Aliuzunguka mlima wake, akafika mbele ya ufa, akaufuata kwa kidole bila kuugusa. Desturi iliamuru mlima uvunjwe vita vikiisha.

"Naomba huu usivunjwe, Zumbe," alisema. "Na ufa usizibwe. Makorongo yote ya nchi hii yana majina. Hili nalo tulipe jina. Liitwe la Nakijwa."

Baraza zima likaangua kicheko. Nakijwa aliuma mdomo. Maisha yake yote alikuwa ametaka jina lake likae juu ya mlima, na sasa lilikuwa limekaa. Kisha kicheko kikamshinda naye, akacheka huku machozi yakimtoka.

Mashombo amesahauliwa, na hata nyimbo za vita vile hazikumbukwi zote. Lakini wasichana wa Ukireni waliojifunza udongo waliendelea kuonyeshwa korongo lile lisilo na maji, lisilo na mnyama, lisilopatikana popote duniani, na kuambiwa ni la nani. Mwenyewe aliishi miaka mingi akilowesha majani juu ya milima ya Mbonea, na hakuna mlima hata mmoja uliopasuka. Wivu haukumwisha wote. Asubuhi nyingine uliamka kabla yake. Kwa hiyo alibadili mpangilio wa sala yake: kabla ya Zumbe, kabla ya mikuki na mashamba, alianza na jina la Mbonea, ili lisije likamkwama njiani.