Supu ya Dakika Tano

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta mwingine.

Nyumbani tuko watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kike tunayemwita Sindano kwa sababu ya wembamba wake. Sindano hali ngano. Si maringo, tumbo lake halipatani na gluteni, protini iliyomo ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Akila hata kidogo, tumbo linavimba, anatapika, na kwa siku kadhaa anakuwa kama nguo iliyosahauliwa kambani. Ndiyo maana jikoni ana sufuria yake na mwiko wake, na ole wako uuguse kwa mikono yenye makombo ya mkate.

Mama ni fundi cherehani. Wiki ile karakana yao ilikuwa na oda ya mapazia ya hoteli, basi kila jioni alirudi miguu imevimba, akapika huku ameegemea ukuta.

"Miguu hii ingekuwa inavulika," alisema, "ningeitundika pale mlangoni."

Tulicheka, lakini hata kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka.

Alhamisi asubuhi akaniambia, "Leo nitachelewa. Maharagwe nimeyachemsha, mchele upo. Mpikie mdogo wako ale vizuri. Kesho ana mbio."

Mbio zenyewe zilikuwa za kupokezana vijiti, dhidi ya shule jirani, na Sindano ndiye angekimbia wa mwisho. Mwaka uliopita alizikosa kwa kuumwa, kabla hatujajua kinachomsumbua. Tangu aache ngano alikuwa amepata nguvu, na viatu vyake vya mbio alikuwa akilala navyo kitandani kama mtoto mchanga.

Nilitoka shuleni hoi. Nilipofikiria kuchambua mchele, mikono ilikataa kabla ya kuulizwa. Dukani nikaona pakiti ya supu ya kuku na wali, yenye picha ya bakuli linalofuka mvuke. Mbele, kwa herufi kubwa: HAINA NGANO. Ongeza maji ya moto, subiri dakika tano. Nusura niibusu.

"Umesoma nyuma?" Sindano aliniuliza, kijiko mkononi. Hiyo ndiyo sheria ya mama: kisichosomwa nyuma hakiingii bakulini.

"Nimesoma."

Kweli, nyuma nilikuwa nimepatazama. Lakini maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, na macho yangu yalikuwa yameshafunga kazi.

"Yote?"

"Kula, bwana mkaguzi! Inapoa."

Akala. Akalamba na kijiko.

Mama aliporudi, alimkuta Sindano amejikunja sakafuni bafuni, ndoo mbele yake. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Hakuketi. Alimwosha, akambadilisha nguo, akafua, kwa miguu ileile iliyovimba. Kisha akaenda kwenye pipa la taka, akaitoa ile pakiti na kuitia mkobani. Heri angenigombeza.

Asubuhi, kwenye zahanati, muuguzi aliigeuza pakiti na kusoma kwa sauti. "Mchele, kuku mkavu, chumvi, kimea cha shayiri... Basi, ndiyo hiyo."

"Lakini imeandikwa haina ngano!" nikadakia.

"Na haina. Shayiri si ngano, ila gluteni imo vilevile." Akamgeukia Sindano. "Maji kidogo kidogo, mwanangu, na upumzike. Mbio za leo hapana."

Sindano aligeukia ukuta. Hakulia. Alivuta shuka hadi kichwani, na mimi nikabaki kutazama miguu yake iliyojitokeza upande wa pili.

"Mama," nikasema tulipotoka nje kidogo, "sikusoma nyuma. Nilimwambia nimesoma, lakini sikusoma."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Wewe ukisoma kitu, unakuja kunisimulia mpaka jina la kiwanda."

Wenzake walikimbia bila yeye, wakashindwa. Sindano alinuna siku mbili, siku ya tatu akaomba chakula, nikajua amepona. Mwalimu wa michezo akamwambia nafasi yake bado ipo, shindano lijalo.

Jumapili mama alituingiza jikoni sote. Tulipika maharagwe na kuku kwenye sufuria kubwa ya Sindano, tukavigawa kwenye makopo yenye vifuniko na kuyapanga kwenye friji. Siku ya uchovu, kazi ni kupasha moto tu.

"Uchovu si dhambi," mama alisema akikoroga. "Mimi nimechoka tangu uzaliwe. Lakini aliyechoka aseme amechoka, asiseme amesoma. Ungeniambia umeshindwa, tungekula wali mkavu tukalala salama. Na pakiti, hata iliyoandikwa haina gluteni, igeuze kila unaponunua. Wakibadilisha viungo hawaji kupiga hodi hapa."

Nilikuwa namenya vitunguu, machozi yananitoka, na bado nikatafuta pa kujitetea. "Sawa, Mama. Lakini na wenye pakiti wana makosa. Kizuri wanakitangaza mbele, kibaya wanakificha nyuma."

"Wajanja, sikatai."

"Wakili huyo ameanza," Sindano akasema.

"Kwani uongo? Wale ni watu wazima, wana kiwanda kizima. Mimi ni mtoto, nilikuwa nimechoka. Kati yetu, wa kulaumiwa zaidi si wao?"

Mama alifunika kopo la mwisho, akalikandamiza mpaka likalia.

"Wao hawamjui mdogo wako," akasema. "Wewe unamjua."