Kishikizo cha Mjomba

"Nguo imechanika. Uzi unahitajika kabla ya saa sita."

Simu ikakatika.

Mwanamke aliyeipokea alikuwa amesimama nyuma ya jukwaa la ukumbi wa mikutano, amevaa fulana nyeusi ya mafundi wa sauti, nyaya zimemzunguka shingoni. Uzi lilikuwa jina lake la kazi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kinywani mwa mtu mmoja tu, mjomba wake aliyemlea, na mtu huyo alikuwa hajulikani alipo kwa siku ya kumi na moja.

Saa nne na dakika arobaini, asubuhi.

Akachungulia ukumbini. Mstari wa mbele, kiti cha tatu, alikaa mke wa balozi. Koti la hariri nyeupe, kidevu juu. Kifuani pake, upande wa kushoto, bruchi ya dhahabu yenye jiwe la kijani.

Nguo iliyochanika ndiyo hiyo.

Ndani ya bruchi ile, nyuma ya jiwe, mlikuwa na kadi ndogo kama punje ya mchele. Ndani ya kadi mlikuwa na majina ishirini na matatu ya majasusi waliokuwa kazini nje ya nchi. Saa sita mama yule angepanda ndege. Jioni majina yangekuwa mezani kwa wanunuzi. Kesho yake watu ishirini na watatu wangeanza kuokotwa mitaroni.

Wala usiseme akamatwe. Mke wa balozi hapekuliwi, hazuiliwi, hata kumkodolea macho ni ugomvi wa nchi mbili. Kilichobaki ni kazi ya kibaka: kuitoa kifuani pake, mchana kweupe, mbele ya watu mia tatu, bila mwenyewe kujua.

Simu ikatetemeka tena. Safari hii alikuwa Mkuu wa Idara ya ujasusi mwenyewe.

"Mjomba wako tumemwona."

"Yu hai?"

"Hai na mzima. Ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nyundo na kikosi chake wanamwona dirishani. Hajafungwa kamba. Anakunywa chai na wafanyamagendo walioiunda bruchi hiyo, anacheka."

"Mkuu..."

"Kishikizo cha bruchi hiyo ni kazi yake. Ukiipata tu, Nyundo anaingia. Tukiingia mapema, watampigia mama huyo simu na ataondoka. Kwa hiyo wewe kwanza, yeye baadaye."

"Akiingia, mjomba?"

"Amri ni kuwaua wote."

Uzi akafumba macho. Wote ni neno fupi sana kwa mtu aliyekulea.

Hebu tuseme ukweli kuhusu bruchi. Watu hutazama jiwe. Mwizi hutazama nyuma. Bruchi ya kawaida ina pini, ina bawaba upande mmoja na kulabu upande wa pili. Kibaka akipitisha kidole, kulabu inaachia, na mwenye mali anabaki kujipapasa. Mjomba wake alichukia jambo hilo kama deni. Miaka sita alikaa kwenye meza yake ya usonara akichonga, akivunja, akichonga tena, mpaka akapata kishikizo chake: kijibomba kinachomeza ncha ya pini, na pete ndogo juu yake. Bonyeza pete, isukume nyuma, izungushe. Bila hivyo, haitoki.

"Mwizi ana mkono mmoja na sekunde mbili," alikuwa akisema, miwani puani. "Mimi namdai mikono miwili na sekunde tano. Akazitafute."

Uzi alifanya kazi kwenye meza hiyo tangu akiwa na miaka kumi na minne, kabla Idara haijamchukua. Alijua mikono yake ingeweza kuifungua pete ile kwa sekunde nne. Hakuna mwingine Idarani aliyeweza. Ndiyo maana aliitwa.

Silaha hakuwa nazo. Mlangoni walinzi walikuwa wamemvua kila kitu chenye ncha: kalamu yenye wembe wa kauri, koleo la Leatherman, hata pini ya nywele. Glock ilikuwa garini, na garini huko huko ikae. Alichobaki nacho ni boksi la betri za maikrofoni. Chini ya betri mbili za Duracell alikuwa ameficha bruchi nyingine, ya bati na kioo cha kijani, aliyoitengeneza jana kwa kutazama picha. Kulabu yake ilikuwa ya kizamani, ya kufunguka hata kwa chafya.

Saa tano kasorobo, mshereheshaji akamtaja mke wa balozi. Hotuba, dakika tisa.

Fundi wa sauti ndiye huwafunga wasemaji maikrofoni kifuani. Uzi akapanda.

"Samahani mama, nikufunge hii."

"Fanya haraka," mama akasema bila kumwangalia.

Mlinzi wake alisimama hatua mbili nyuma, pandikizi la mtu, macho kwenye vidole vya Uzi.

Mkono wa kushoto ukaingia ndani ya ukosi wa koti, kama wa fundi anayepitisha waya. Wa kulia ukashika klipu, na kidole gumba kikateleza chini ya ukingo wa bruchi. Hiyo hapo pete. Akabonyeza. Akasukuma. Akazungusha.

Haikuzunguka.

Akajaribu tena. Kidole kikagusa kitobo kidogo ubavuni mwa pete, kisichokuwepo zamani. Juu ya hatua zile tatu, mjomba alikuwa ameongeza kufuli la nne. Pete haikuweza kuzunguka bila ufunguo maalumu, na ufunguo huo labda ulikuwa ng'ambo kwa wanunuzi.

Mkono wa ndani ukakandamiza pini kwa nyuma ya kitambaa, kwa kukata tamaa tu.

"Mbona unachelewa, fundi?" Mlinzi alikuwa ameshasogea.

"Hariri inateleza, kaka. Tayari."

Akafunga klipu, akashuka.

Dakika tisa.

Nyuma ya jukwaa aliegemea ukuta, hotuba ikimpita juu ya kichwa, urafiki huu, ushirikiano ule. Alifikiria kubonyeza king'ora cha moto. Walinzi wangemzunguka mama na kumtoa haraka zaidi. Alifikiria kumwagia maji. Angebadilisha koti na bruchi angeihamisha mwenyewe. Alifikiria kuinyofoa na kukimbia, apigwe risasi mlangoni. Lango la nje lilikuwa mita themanini.

Saba.

Watu ishirini na watatu. Wengine alikula nao. Na yule mzee, Mungu wangu, yule mzee alifunga kufuli la nne kwa mikono ile ile iliyomfundisha kushika tupa. Je, Mkuu alikuwa sahihi? Chai, kicheko, kitobo kipya. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Uzi alijikuta analia, kimya, kwa hasira zaidi ya huzuni.

Tano.

Akajitazama kidole cha mkono wa kushoto. Kile kilichokandamiza pini.

Ilibonyea.

Akasimama wima. Pini ya mjomba haibonyei. Pini ya mjomba ni chuma chenye springi, ukiisukuma inakurudishia. Ile ilibonyea kama waya wa kufungia maua, ikabaki imebonyea.

Kuna kosa moja tu linaloweza kuifanya pini iwe hivyo. Bawaba na kijibomba hulehemiwa kwanza, kwa moto. Bruchi ikishapoa, ikishaoshwa na kung'arishwa, ndipo pini inapotiwa, baridi. Ukiitia mapema ukalehemu nayo ndani, moto unaiua springi yake. Kwa macho huoni tofauti. Siku Uzi alipofanya kosa hilo, mjomba alimgonga vidole kwa mpini wa tupa.

"Pini huja mwisho, kama mgeni rasmi!"

Mzee yule angesahau njia ya kwake kabla ya kusahau hilo.

Kwa hiyo hakusahau.

Wafanyamagendo walijaribu kufuli, bila shaka. Walivuta, wakazungusha, wakaridhika. Nani anajaribu pini? Ni sonara tu ndiye angejaribu pini. Mlango umefungwa kwa makufuli manne, na ukuta wake ni wa karatasi.

Pini iliyonyooka haitoki kwenye kijibomba. Lakini pini ikikunjwa katikati, ikawa upinde, inakuwa fupi. Ncha inarudi nyuma yenyewe. Kufuli libaki limefungwa, lifungie hewa.

Dakika mbili. Moja.

Makofi.

Uzi akapanda tena, boksi la betri mkononi, uso wa mtu anayewaza chakula cha mchana.

"Hongera mama, hotuba nzuri. Nikutolee."

Mkono wa kushoto ndani ya ukosi. Ukucha ukainasa pini katikati. Akavuta.

Ikakunjika.

Akavuta zaidi. Ncha ilibaki ndani ya kijibomba, unene wa unywele. Mlinzi akapiga hatua. Mama akavuta pumzi, kifua kikainuka, na kwa pumzi hiyo hiyo Uzi akavuta kwa nguvu yote ya kidole kimoja.

Ncha ikachomoka, ikamzama kidoleni.

Alikaribia kupiga kelele. Damu na hariri nyeupe havifichani. Akaubana mkono kwenye sponji ya maikrofoni, damu ikanywewa humo, na mkono wa kulia ukatumbukiza bruchi ya dhahabu ndani ya boksi la betri, ukatoa ya bati na kuipachika pale pale penye matundu.

"Umenichoma," mama akasema, akashusha macho kifuani.

"Nisamehe mama. Ni hii klipu."

Mama akaigusa bruchi. Akaona kijani, akaona dhahabu. Akanyanyua kidevu.

"Mafundi wa siku hizi," akamwambia mlinzi.

"Kabisa, mama," Uzi akasema.

Akashuka ngazi moja moja. Alipofika kwenye korido ya nyuma, akakimbia mpaka chumba cha nyaya, akafunga mlango, akatoa simu.

"Nguo imeshonwa."

"Vizuri sana," Mkuu akasema. Kisha, pembeni, kwenye redio yake ya Motorola: "Nyundo, ingia."

"Mkuu, subiri! Mjomba si msaliti. Aliiharibu pini makusudi. Ameilehemu ikiwa ndani, imelainika..."

"Uzi, sikuelewi."

"Ni kosa la mwanafunzi, Mkuu! Yeye hawezi kulifanya!"

"Unataka nimwachie mtu kwa sababu ya pini laini?"

"Ndiyo!"

"Alikuwa anacheka nao."

"Wewe ungelia mbele yao?" Sauti ilimpasuka, na hakujali. "Mkuu, nisikilize. Kufuli lilinishinda. Mimi, mwanafunzi wake, lilinishinda. Angekuwa upande wao, bruchi hii ingekuwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Nimeishika mkononi. Nani kanipa?"

Simuni ikasikika redio ikibofywa.

"Nyundo," Mkuu akasema. "Mzee wa miwani atoke hai. Narudia, atoke hai."

Redio ikakwaruza. "Tumeshaingia, Mkuu."

Risasi. Tatu. Kisha moja peke yake.

Uzi akakaa chini kati ya nyaya. Aliweka simu sikioni kwa mikono miwili. Hakuomba Mungu kwa maneno; alisema tu mjomba, mjomba, mjomba, kama alivyokuwa akimwita utotoni akiamka na ndoto mbaya.

"Nyundo, jibu."

Kukwaruza.

"Nyundo!"

"Wawili chini, mmoja amesalimu amri." Nyundo alikuwa anahema. "Mzee alijitupa chini ya meza ya kazi. Risasi imepita juu. Hana jeraha. Ila Mkuu, anatutukana. Anasema tumemwagia tindikali vifaa vyake."

Mkuu akacheka, jambo ambalo halijawahi kusikika. "Mpe redio, azungumze na Uzi."

Pumzi nzito ikaja, ya mtu mzima aliyechoka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akaisogeza redio mdomoni. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umeitoa?"

"Nimeitoa. Imenichoma kidole."

"Ulivuta vibaya, ndiyo maana."

Uzi akajifuta pua kwa mkono wa fulana. "Mjomba, ulijuaje kama nitatumwa mimi?"

"Sikujua."

"Hukujua?"

"Ningejuaje, mama? Siku kumi na moja nacheka na watu wale, nakunywa chai yao, moyo uko kooni. Nikajiambia, wacha niikosee pini. Kama yupo wa kuitambua, ataitambua. Kama hayupo, basi nitakufa watu wakisema nilikuwa msaliti, na tena fundi mbovu." Vyuma vikasikika vikigongana, anaokota tupa zake. "Na hilo la pili, mwanangu, ndilo lililokuwa likininyima usingizi."

Uzi alicheka huku akilia, peke yake, mgongo ukutani, mpaka Mkuu akakohoa kwenye simu na kukata.

Saa tano na robo. Akanawa uso kwenye sinki la wafagizi, akafunga kidole kwa utepe wa nyaya za umeme, akatumbukiza bruchi mfukoni na kutoka.

Kwenye korido kuu msafara wa balozi ulikuwa unapita kuelekea magarini. Mafundi na wahudumu walisimama pembeni kupisha njia. Uzi naye akasimama. Mke wa balozi akampita karibu kiasi cha kusikia marashi yake, kidevu juu, kipande cha bati kikimwakia kifuani.

"Safari njema, mama," Uzi akasema.

Akageuka, akaenda zake kumpokea mjomba.