Kopo la Mama Chumvi

Kila asubuhi Mama Chumvi hupasua samaki, huwapaka chumvi, kisha huwagombeza nzi. Jina la Chumvi alipewa na wateja. Mdomo wake nao ulichangia.

Binti yake kitindamimba alikuwa nchi ya mbali, akifua mashuka ya hoteli. Mwaka wa tatu sasa. Juzi alisema kwenye simu, "Mama, huku kila kitu kinanukia sabuni. Natamani harufu ya kwetu."

Maneno hayo yalimkaa mama kooni kama mwiba wa samaki. Kesho yake kaka wa Mama Chumvi, dereva wa lori, angeondoka kwenda huko. Basi akachukua mfuko mpya aliopewa na jirani, fundi wa kiwanda cha mifuko.

"Huu huyeyuka kwenye maji ya bahari," jirani alikuwa amemwambia.

Mama akawaza, lori halipiti baharini. Akatia samaki wanaochuruzika maji ya chumvi, akafunga, akauweka mfuko juu ya gauni alilomshonea binti.

Asubuhi mfuko haupo. Kuna ute kama wa bamia, na gauni linanuka soko zima.

Akamwita jirani. "Shemeji, mfuko wako umenitoroka."

Jirani akacheka. "Mfuko haujui bahari, shemeji. Unajua maji na chumvi."

"Kumbe bahari ni mimi. Na ile mifuko ya dukani yenye picha ya jani, nikiitupa ufukweni itayeyuka?"

"Thubutu. Mingine hukatikakatika tu, vipande vikabaki, samaki wakameza. Hata huu wangu usiutupe ovyo. Uliza kwanza: unaishia wapi, kwa muda gani, na unaacha nini?"

"Na samaki wa mwanangu nitawatia wapi? Kaka anapiga honi."

"Chukua waliokauka. Tia kwenye kopo lenye mfuniko."

Mama akashusha kopo la maziwa alilolitunza tangu binti akiwa mchanga. Gauni likabaki, likafuliwa.

Baada ya wiki simu ikalia.

"Samaki nimewamaliza, mama. Kopo sijaliosha. Nikitoka kazini nalifungua kidogo, nanusa, nalifunga."

Mama akakohoa kidogo. "Kopo langu nalitaka."

"Nitampa mjomba."

"Mjomba wako huvunja hata mawe. Lilete mwenyewe."

Binti akauliza, "Na gauni langu? Mjomba alinisimulia."

"Liko kambani. Nimelifua mara nne."

"Bado linanuka?"

"Kidogo."

"Basi usilifue tena, mama. Nakuja kulivaa."